Kuanguka Bila Kutua

Nabiswa,

Kuna jambo nimekuficha tangu mvua zianze. Nalisema leo kwa kuwa daktari hanipi muda mrefu, si kwa kuwa nimekusamehe.

Makongeni hapa ni ileile. Mjukuu wangu Mourine bado anapika ugali mbichi.

Sijasahau ulivyonifedhehesha katika hoteli ile ya Jericho, mbele ya walimu wenzangu. Nilisema setilaiti inaelea. Wewe, mdogo wangu niliyekufundisha kuhesabu, ukacheka.

"Kaka, inaanguka! Inaanguka muda wote. Ila inakwenda mbele kwa kasi, na dunia imepinda, basi kila ikianguka inaikosa."

"Ikianguka," nikakujibu, "mbona haijatua kwenye chai yako?"

Walicheka, ukaondoka. Sasa unaniletea salamu kupitia kwa Mourine, ukitaka nihamie kwako Kitale. Sihami. Sitaki kulishwa na mtu mwenye majibu.

Ulikuwa sahihi. Nilipiga hesabu jioni ileile, nikanyamaza. Lakini si hilo nililokuficha.

Nimekuwa nikianguka. Mlangoni, bafuni, hata dukani. Kila mara nilidaka kitu nikaikosa sakafu, na Mourine nikamwambia nimeinama kuokota funguo. Wewe unajua setilaiti ikianza kusuguana na hewa: hushuka kidogo kidogo, na kila mzunguko huikaribia ardhi zaidi.

Ijumaa sikuikosa. Nyonga imevunjika, na sitasimama tena.

Kaka yako, asiyekuomba kitu,
Wanyonyi