Mkaguzi Alipotusomea Sheria

Mjukuu wangu Wambui,

Nina miaka themanini na mitatu. Madaktari wawili walionikataza chumvi wamekwisha kufa, mimi nipo. Hapa Etobicoke, huku ughaibuni, tu wazima; mama yako amekwenda kazini kule uwanja wa ndege.

Unauliza kama mfunge hiyo shule iliyoanzishwa na wazazi unakofundisha huko Marekani, kwa sababu jimbo limetunga sheria mpya. Sisi kule kijijini tulijenga yetu kwa harambee, kuta za udongo. Akaja mkaguzi wa serikali, akasema sheria imeifunga kwa ajili ya kuta hizo. Mimi, niliyeishia darasa la pili, nikasimama.

“Bwana mkaguzi, hebu tusomee hiyo sheria.”

“Wewe utaelewa nini?”

“Soma tu. Masikio yangu hayakuacha shule.”

Akasoma yote. Neno juu ya kuta hatukulisikia. Ilitaka vyoo, vya wasichana mbali na vya wavulana. Tukachimba wiki nzima, mimi nikiwashinda wote, naye aliporudi akatia sahihi. Mama yako alisomea pale.

Basi isomeni yenu mpaka mwisho, kwa sauti, wazazi wote wakisikia.

Ukidhani najisifu, muulize nyanya yako. Alikuwa nyuma yangu siku ile, akinivuta shati niketi.

Babu yako