Gari Limegoma Tena

Jumatatu, 4 Agosti
Gari la marehemu mume wangu limegoma. Nimejipara niende Feri kununua samaki, kikapu mkononi, nazungusha ufunguo — kimya! Hata kukwaruza hakuna. Kumbe jana niliacha taa zinawaka. Zee zima!

Akaja Pius, fundi umeme wa magari mwenye duka la spea chini ya jengo letu. Shikamoo mama. Marahaba. (Ananiamkia kama bibi yake, na mvi zote zile kichwani mwake!) Kaleta kiboksi cheusi, anakiita busta, kidogo kuliko hotpoti yangu ya uji. Kabana waya nyekundu kwenye betri, kabana nyeusi, haya mama, piga stata — likanguruma! Nilipiga kigelegele, mtaa mzima ukageuka.

Halafu akasema usizime, lizungushe kidogo, betri ijichaji. Nikamuuliza, na likizima Jangwani je? Basi akapanda, busta kaipakata. Tukaenda Jangwani, tukarudi kwa kupitia Mnazi Mmoja. Anaongea huyo! Kwao Songea, mkewe aliyefariki, wateja wanavyombishia. Sikumbuki ni lini mtu alikaa kwenye kile kiti cha pembeni.

Samaki nilisahau.

Jumatano, 6 Agosti
Leo nimeongea na muuza maji tu. Nimemwambia asante.

Alhamisi, 14 Agosti
Ridhiwani kapiga simu kutoka Mwanza. Mama mzima? Mzima. Umekula? Nimekula. Presha? Haina neno. Haya mama, niko kazini. Sikuwahi hata kumwambia habari ya gari. Simlaumu, mwanangu mwema, ana mambo yake. Lakini nyumba hii jamani! Nawasha redio jikoni na TV sebuleni, ili iwe kama kuna watu wanabishana.

Jumamosi, 16 Agosti
Gari limegoma tena.

Haya, niandike ukweli, nani atasoma? Jana jioni taa niliziwasha mwenyewe. Nilishuka kama naenda kununua mkate, nikazungusha swichi, nikapanda ngazi mbiombio kama mwizi. Nifanyeje? Mjane hawezi kumwambia mwanamume panda gari twende tukaongee. Jengo hili kila dirisha lina macho. Lakini gari bovu — nani atasema nini?

Tumezunguka mpaka Feri. Kanunua ngisi wa kukaanga, tukala mlemle garini, injini inanguruma. Nikamsimulia mzee wangu alivyokuwa anaimba akiendesha, sauti mbaya kama nini. Pius kacheka mpaka kapaliwa. Simu yake hakuitazama hata mara moja.

Nimelala vizuri.

Jumatano, 27 Agosti
Tena. Pius kainamia boneti, kakuna kichwa. Anasema waya nzima, altaneta nzima, haelewi chaji inaishia wapi. Kisha akaingia kwenye usukani ajaribu. Nikaona mkono wake umesimama kwenye swichi ya taa. Akaizima taratibu. Nilitamani ardhi inimeze!

Tulizunguka vilevile. Karibu na Mnazi Mmoja akasema, macho kwenye kioo cha mbele: betri ikilazwalazwa bila chaji hivi, mama, siku moja itakufa kabisa, hata busta haitaishtua. Nikasema nimesikia. Tukanyamaza mpaka nyumbani, na kimya chenyewe hakikuwa kibaya.

Jumapili, 31 Agosti
Nimeapa kuacha mchezo huu. Nimepika pilau, nikapika nyingi kwa mazoea. Nimekula mchana, nimekula jioni, bado ipo.

Jumanne, 2 Septemba
Mzigo kutoka kwa Ridhiwani. Nafungua — busta! Mpya, inang'aa, na mfuko wake. Kaandika: Mama, sasa hutasumbua watu. Nani kamwambia? Mimi mwenyewe, wiki iliyopita kwenye simu, namsifia Pius weee. Mdomo huu!

Nimekaa nayo mezani jioni nzima tunatazamana.

Jumatano, 3 Septemba
Nimempelekea Pius anifundishe. Kafurahi kweli, kaigeuzageuza, kamsifu mwanangu. Nyekundu kwanza, mama, kwenye alama ya kujumlisha. Nyeusi baadaye. Ngoja taa ya kijani, ndipo upige stata. Kanirudisha mwanzo, tena, na tena, mpaka nimeweza. Wamachinga wakanipigia makofi.

Akafuta mikono kwa kitambaa. Sasa unajitegemea mama, hunihitaji tena. Akacheka. Na mimi nikacheka. Wateja wakamwita, akaenda.

Nikazunguka peke yangu. Jangwani. Mnazi Mmoja. Busta nimeiweka kwenye kiti chake — nikaifunga na mkanda, usiniulize kwa nini. Kwenye foleni nikalia. Bodaboda mmoja akanichungulia dirishani, nikajifanya nina mafua.

Jumatatu, 8 Septemba
Gari linawaka vizuri kabisa. Pius kanipungia akiwa ng'ambo ya barabara. Shikamoo mama! Marahaba! Basi, yamekwisha hayo.

Nimemkumbuka mtu aliye hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Hivi huu ni ugonjwa gani?

Ijumaa, 12 Septemba
Naandika nikiwa garini. Mwandiko mbaya, daftari nimeliegemeza kwenye usukani.

Kiapo kimenishinda. Jana jioni taa niliziwasha tena. Leo napiga stata — tik, basi. Nikaenda dukani kwa Pius, nikasema limegoma. Alikuwa anapanga plagi. Akanitazama. Busta si unayo, mama? Nikasema haina chaji. Uongo mtupu! Imo humu kwenye mkoba, nimeichaji mwenyewe, nikibonyeza kitufe taa zake zote zinawaka kijani. Pius akasema haya, tangulia, nakuja na yangu.

Ndiyo nimekaa hapa. Na kama leo betri imekufa kabisa, kama alivyosema? Na kama kanichoka, akamtuma mtu mwingine? Bora aje anigombeze. Anigombeze, lakini aje yeye.

Huyo anatoka. Anashusha geti la duka — saa hizi? Wateja wote hawa, Kariakoo imefurika! Anafunga na kufuli. Anamwambia mteja kitu, mteja anaondoka akinung'unika.

Anavuka barabara. Busta hana. Natazama tena — hana! Kashika soda mbili tu.

Mungu wangu, anajua.

Mkoba uko kwenye kiti chake, busta imo ndani. Niufiche chini? Niuache auone? Huyu kafika, kashika kitasa, ananiinamia dirishani —