Rangi Mbili za Chumba cha Shemeji Yako

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii. Goti linaendeleaje, na kile kikohozi? Mimi mzima, nakula, nalala. Anayeandika ni mshonaji, jirani yangu. Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Najua mizigo yako ya kuhamia kwangu imefungwa tangu mwezi uliopita, na kwamba hapo kwa mwanao unalala sakafuni sebuleni, asubuhi watu wanakuruka kama gogo. Kila ukiniuliza nakujibu kuwa chumba bado, rangi haijachaguliwa.

Basi sikia habari ya rangi. Fundi alikuja na makopo mawili, akapaka mabaka mawili ukutani, kila moja kama sahani. Hii anaiita mchanga, hii ngano. Mimi naona chai ya maziwa, na chai ileile iliyopoa. Nikaomba siku mbili. Akarudi, nikasema jua ni kali mno, nangoja mawingu nione vizuri. Akarudi tena, nikasema mawingu yamenichanganya. Mara ya nne akasema hata mume hachaguliwi hivi. Nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

Mdogo wangu, nimekudanganya. Rangi zile kwangu ni moja. Juu ya kitanda, pale marehemu shemeji yako alipoegemeza kichwa miaka yote akisikiliza redio, kuna doa la mafuta ya nywele, jeusi, la mviringo. Fundi aliliona siku ya kwanza, akaniambia, "Bibi, rangi haishiki kwenye mafuta. Hapa lazima tuoshe kwanza." Ndiyo maana sikuchagua. Nikakuacha wewe uliye hai ulale chini kwa ajili ya doa.

Jana nilichukua sabuni na kitambaa, nikaliosha mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu. Nikangoja machozi. Hayakuja. Maji yalichafuka, nikayamwaga, nikarudi kuchambua mchele. Sasa hivi fundi yumo ndani anapaka. Sikumuuliza amefungua kopo lipi.

Wasalimie wote hapo, hata yule mkweo mwenye maneno mengi. Njoo upesi. Kitanda ni kipana, tutalala wote. Upande wa ukutani, uliokuwa wa shemeji yako, utakuwa wako. Mimi bado siuwezi.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni.