Mparachichi wa Elia

Jumatano, baada ya mvua

Kumbe si kiu. Leo nimechimba kwenye shina la mparachichi ambao kaka yangu Elia aliupanda utotoni, kwa kokwa aliyoipata misheni. Wajerumani walimchukua kubeba mizigo ya vita, na mpaka leo hajarudi. Mizizi ni myeusi, inakatika ukiigusa tu, na inanuka.

Tumeuua wenyewe. Tumeutunza kama mgomba: samadi tumeirundika mpaka kwenye gome, na kila zamu yetu ya mfereji ikifika, maji yote yanaelekezwa hapo. Majani yakinyauka, mama anaongeza maji. Nami namsaidia, mjinga mimi!

Nina hasira, hata sijui nimkasirikie nani. Habari za Elia hatuna. Mama anasema mti ukiwa hai, mwanawe yu hai.

Nilipoingia ndani na matope mikononi, hakuniuliza nimeona nini. Alisema tu, "Mwanangu, kesho ni zamu yetu. Usisahau kuufungulia maji."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Nitaufungulia. Maji hayawezi kuudhuru tena.