Pombe ya Paa

Mpwapwa, Jumatatu, 5 Oktoba 1908
Bomani tangu asubuhi, hesabu za kodi. Adhuhuri Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma, kaniita. Nikakague matumizi ya nyumba ya serikali anayojengewa akida. Akida mwenyewe ni Salimu. Tulisoma pamoja Tanga, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Leo yeye akida, mimi karani. Yeye anajengewa, mimi nabanana na mke na watoto chumba kimoja. Nitakagua vizuri sana.

Alhamisi, 8 Oktoba
Tembe kubwa, kuta zimepakwa chokaa, baraza pana. Wagogo wamejaa juu ya paa, wanashindilia udongo na kutaniana. Hakuna askari, hakuna kiboko. Roho iliniuma.

Miti sawa. Chokaa sawa. Kisha kwenye hesabu nikakuta rupia za mtama wa pombe. Salimu hakuficha.

"Hapa watu hawapandi paa la mtu bila pombe, ndugu yangu. Ndiyo ujira wao. Andika hivyo hivyo."

Najua ni kweli. Kila nyumba hapa hujengwa hivyo.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimeandika kuwa fedha za serikali zimenunua ulevi. Ni wizi. Neno ujira sikulitia. Bwana Mkubwa hajui desturi za hapa, na mimi sitamweleza.

Jumatatu, 19 Oktoba
Salimu amevuliwa uakida. Bwana Mkubwa kanisifu mbele ya watu, kanipa uakida na nyumba. Mke wangu kapika pilau. Salimu kahamia ng'ambo ya korongo, anaanza kusimamisha miti ya nyumba yake. Nimefurahi. Sioni haya kusema.

Alhamisi, 10 Desemba
Mvua kubwa. Paa limepasuka, maji mpaka kitandani. Nimemwendea Mzee Chibago, aliyewasimamia wale wajenzi. Nikamwamkia kwa adabu, nikaahidi pombe ya mfukoni mwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema pombe ya paa ni wizi, Bwana Akida. Sisi hatutaki kuiba."

Kisha akaniaga vizuri tu.

Jumamosi, 12 Desemba
Mvua imepumzika. Mke wangu anachota maji ndani. Ng'ambo ya korongo wamepanda paa la Salimu, na Mzee Chibago yumo. Mwaka huu mtama umemwishia Salimu, pombe hana. Wamekwenda hivyo hivyo.

Nimesimama mlangoni nawatazama. Namwonea wivu kuliko siku zote.