Moshi wa Kiberiti Upele

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
11 Mei 1956

Dada yangu mpendwa Severa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu na mvua za huko Kilema hazijawasumbua mno. Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo sina la kukudanganya.

Simu ya maandishi niliyopeleka ilisema tu kwamba mke wangu Josepha amefariki kwa pumu. Sasa baba yake, Mzee Melkiori, ameniandikia akitaka nimshtaki Bi Zeina, mwenye nyumba wetu, kuwa amemuua binti yake kwa moshi. Nakuomba uende kwake kabla hajapanda basi kuja huku, umweleze haya.

Nyumba ilijaa kunguni. Bi Zeina alinunua kiberiti upele sokoni, yaani salfa ile ya manjano, akakiwasha katika vigae vya vyungu chumba hadi chumba, akafunga madirisha ili moshi uwaue. Asubuhi ile alimshika Josepha mkono akamwambia, "Mwanangu, na hicho kifua chako, usiingie mpaka nikuite." Akampeleka kukaa kwa jirani, Bi Fakhriya.

Saa hiyo mimi nilikuwa darasani, nikifundisha jinsi elementi za safu ya tatu ya jedwali zinavyoungana na oksijeni. Niliwaeleza vijana kwamba oksidi ya sodiamu ikiingia majini huwa alkali, maji yakateleza kama ya sabuni. Ya magnesi vilevile, ila kwa unyonge. Ya alumini hukubali tindikali na alkali pia. Ya silikoni ni mchanga, maji hayaifanyi kitu. Za fosforasi na kiberiti upele, hizo hutoa tindikali. Nikawasha kipande cha kiberiti upele hicho ndani ya chupa. Wakakohoa, nikacheka, nikafungua dirisha.

Josepha alilijua somo hilo. Jioni nilikuwa nikilifanyia mazoezi kwake, naye akiuliza kuliko wanafunzi wangu. Nilimwambia moshi ule ukikuta kitu kibichi hugeuka tindikali, hula nguo na kufuta rangi. Dada, chumbani alikuwa ameanika nguo mbichi, maana mvua haikukatika: kanga alizopewa na Mama, na suruali yangu ya kazini. Alipozikumbuka alisimama akamwambia Bi Fakhriya, "Zitaharibika zile, mume wangu amenifundisha." Bi Fakhriya alimwita, hakugeuka. Walimkuta ameanguka nyuma ya mlango, nguo amezikumbatia.

Hilo ndilo sikuliweka kwenye simu. Nilimfundisha habari za nguo. Kwamba kifua cha mtu nacho ni kibichi ndani, sikumwambia. Sikuwahi hata kuliwaza, mimi mwalimu.

Nilimweleza Bi Zeina hayo, nikidhani nitampunguzia lawama. Alilia, akasema, "Hata ukisema hivyo, kiberiti nilikiwasha mimi." Sasa tunaishi nyumba moja, kila mmoja akimkwepa mwenzake uani.

Mkuu wa shule ameniambia niendelee na somo pale nilipoishia. Nitaendelea; sijui kazi nyingine. Mwambie Mzee Melkiori asije kumtafuta Bi Zeina. Akija, anitafute mimi, na atakalo kunifanya sitalikataa.

Nisalimie Mama, ila usimsomee barua hii. Wabusu wanao, na mumwombee Josepha wangu kanisani, maana mimi nikipiga magoti maneno hayaji.

Ni mimi mdogo wako,
Kasmir