Mzuka Mwenye Sauti Yako

Binti yangu mpenzi,

Gemu ulilonitumia nimelicheza wiki nzima, na saa za wateja zinanisubiri mezani. Hongera zenu. Ile nyumba, na mvua na vivuli vyake, ni sinema kabisa, ila humu anayeogopa ni mimi mwenyewe. Kasoro niliyoiona ni shujaa wenu, anakimbia kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji. Lakini huyo mzuka uliyemtilia sauti wewe, nywele zilinisimama.

Mama yako hajambo. Tangu uache kazi ya benki ukaenda kuigiza, hataki jina lako litajwe humu ndani. Ila kila nikiwasha gemu, hakosi cha kufagia karibu na mlango.

Jana nilifika pale mzuka anapogonga akilia, "Nifungulieni, nasikia baridi." Sharti ni kukaza komeo, maana ukifungua umekufa. Nikaanza kukaza. Mama yako akaweka ufagio chini.

"Mfungulie mtoto," akasema.

Nikafungua, tukafa. Akaniambia nianze upya. Mpaka naandika barua hii, tumeshakufa mara saba.

Ni mimi baba yako,
Fundi Saa